Kitengo maalumu mjini au skuli ya mtaani? Jibu kwa mama wa Wete

SWALI: "Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, amezaliwa na hali ya Down (Down syndrome), ile inayomfanya mtoto achelewe kujifunza na kusema. Yuko darasa la pili skuli yetu hapa Wete, Pemba, na mwalimu mkuu aliniambia tangu mwanzo kuwa wao ni skuli ya mjumuisho, wanapokea watoto wote. Darasa lina watoto zaidi ya 70. Mpaka leo hajui kuandika jina lake, herufi anazozijua ni tatu nne. Wifi yangu aliyeko Unguja ananishikilia nimpeleke mjini akae kwake, asomeshwe kwenye kitengo cha elimu maalumu. Baba yake anasema hizo elimu maalumu ni kupotezeana muda, mtoto atabaki alivyo. Naomba uniambie ukweli: huduma hizi zinasaidia, au tunajifariji tu?"

JIBU: Assalaam alaykum dada yangu. Jibu nakupa mwanzo ili usisome yote haya roho juu. Zinasaidia, lakini kinachosaidia si jina lake wala jengo lake. Zinasaidia pale mtu aliyefundishwa kazi hiyo anapokaa na mtoto kila siku, akamsomesha jambo moja linalojulikana, kisha akaandika kama limeingia au halijaingia. Hilo lisipokuwepo, kitengo cha watoto kumi mjini na darasa la watoto 70 hapo Wete ni mamoja. Kwa hiyo mimi kwa sasa nisingempandisha boti mtoto wa miaka tisa akaishi mbali na mama yake. Nisikilize kwanza, halafu mtaamua wewe na mwenzio.

Baba yake usimlaumu. Shaka aliyonayo wanayo hata baadhi ya watafiti. Marekani wana sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu tangu mwaka 1975, na siku hizi zaidi ya watoto milioni 7 wanapata huduma hizo. Nchi yenye fedha na takwimu kama ile ungetegemea jawabu lingekuwa limeshapatikana zamani. Kumbe wapi. Kuna tafiti zilizochukua watoto waliopata huduma zikawaweka pamoja na wenzao walioonekana kufanana nao kwa alama na kwa hali ya nyumbani, ila hawakupata huduma. Waliopata hawakuonekana kuwa mbele, na katika baadhi ya vipimo walikuwa nyuma. Wenye maneno wakasema, basi fedha zote hizo ni za bure.

Ila ukitazama vizuri utaona wapi hesabu ile inayumba. Mtoto hapelekwi elimu maalumu kwa bahati nasibu. Hupelekwa kwa sababu mwalimu wake ameona kitu, na mara nyingi kitu hicho hakimo kwenye karatasi za mtafiti: namna anavyosahau leo alichojua jana, namna anavyotazama dirishani, ugomvi wake wakati wa mapumziko. Kuwalinganisha hawa na waliobaki ni kama kusema hospitali inaua, kwa kuwa wanaofia wodini ni wengi kuliko wanaofia sokoni.

Mwanga mkubwa zaidi ulitokana na jambo ambalo halikufaa kufanywa. Mwaka 2004 jimbo la Texas liliweka kigezo kwamba wilaya za elimu zisiwe na zaidi ya asilimia 8.5 ya wanafunzi kwenye elimu maalumu. Kabla ya hapo walikuwa karibu asilimia 12. Wilaya zikaanza kuwapunguza watoto, na hawakupunguzwa kwa kuwa wameweza, walipunguzwa ili idadi ishuke. Mwaka 2018 serikali kuu ya Marekani ikatamka kuwa Texas ilivunja sheria. Watafiti waliowafuatilia watoto walioondolewa walikuta uwezekano wao wa kumaliza sekondari ulishuka, na wa kuendelea na chuo pia. Hapa huwezi kusema walikuwa wabovu toka mwanzo, kwani kilichobadilika ni amri ya wakubwa, watoto walikuwa wale wale. Mimi ushahidi huu ndio unaonituliza zaidi kuliko majedwali yote. Mwambie na mumeo, lakini umwambie kwa uaminifu: wengi wa watoto wale walikuwa na shida nyepesi kuliko ya mwanao, watoto wazito wa kusoma au wenye tatizo la kusema. Inaonesha tu kwamba huduma ikiondolewa, kuna kitu kinachopotea.

Sasa tuje kwenye suala la wifi yako, maana yeye anazungumzia mahali: huku au kule.

Mwaka 2022 ulitoka uchambuzi mkubwa wa shirika la Campbell, linalokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzipima kwa pamoja. Waliuliza hasa swali lako: mtoto mwenye mahitaji maalumu akisomeshwa darasa la kawaida, na mwenziwe akasomeshwa darasa la peke yao, nani anafaidi zaidi? Kwa wastani, hakuna. Si kwa masomo, si kwa hali ya moyo na maingiliano. Wapo watoto walionufaika na darasa la kawaida na wapo walionufaika na kitengo, na ukiwajumlisha wanafutana. Wanaopigania mjumuisho hawakulifurahia jawabu hilo, na wanaopigania vitengo nao hawakulifurahia. Mimi limenipa raha kidogo, kwa sababu limetuondolea ugomvi wa majengo tukaulize la maana zaidi: ndani ya chumba hicho, saa tatu asubuhi, mtoto anafanya nini?

Nimekaa kwenye madarasa ya aina zote mbili hapa visiwani. Kuna kitengo kimoja, sitakitaja, nilichokuta watoto wanapaka rangi picha ya ndizi tangu saa mbili mpaka mapumziko. Nilipopita tena baada ya wiki, ndizi ile ile. Chumba kisafi, watoto wachache, mwalimu mpole sana, na hakuna aliyekuwa anasomeshwa chochote. Kuna skuli nyingine ya kawaida kabisa, ya shamba, paa linavuja, nilimkuta mwalimu aliyempa msichana mwenye Down kazi ya kugawa madaftari kila asubuhi. Ili umpe mtu daftari lake lazima usome jina lililoandikwa juu. Alianza na madaftari matatu ya marafiki zake, mwalimu akawa anamwongezea moja moja. Wakati nafika alikuwa anagawa safu nzima ya madawati na akimkosoa mwenziwe aliyechukua daftari lisilo lake. Ile ni elimu maalumu, na hakuna kibao mlangoni kilichosema hivyo.

Tafiti mbili za Uingereza ndizo ningependa uzishike kuliko zote, kwa sababu ukiziweka pamoja zinakupa jawabu.

Ya kwanza ilifanyika kati ya 2003 na 2008 katika skuli za England na Wales, kuhusu wasaidizi wa walimu, wale wanaokaa na mtoto mwenye shida darasani. Ilifuatilia wanafunzi wapatao 8,200. Ikakuta kwamba mtoto aliyepata msaada mwingi wa msaidizi alipiga hatua chache zaidi kimasomo, akaachwa nyuma na aliyepata msaada mchache, hata baada ya kuzingatia ukubwa wa shida yake. Ajabu, sivyo? Sababu waliyoiona ni kwamba wasaidizi hawakuandaliwa. Waliingia darasani hawajui somo la siku hiyo, wakawa wanamfanyia mtoto kazi ili amalize, na mwalimu mwenyewe, kwa kuona mtoto ana mtu wake, akageuza uso kwa wengine.

Ya pili ilichapishwa 2012 na inawahusu watoto kama wako, watoto 57 wenye hali ya Down. Nao walisomeshwa na wasaidizi wa walimu, watu wa aina ile ile. Safari hii wasaidizi walifundishwa kwanza, wakapewa mpango ulioandikwa: dakika 40 kila siku, sehemu moja ya kusoma, sehemu moja ya kujenga msamiati na kusema. Watoto waligawiwa makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja likaanza na jingine likasubiri. Baada ya wiki 20 walioanza waliwapita waliosubiri katika kusoma maneno, kujua sauti za herufi, kuunganisha sauti, na kutumia maneno waliyofundishwa. Waliofaidi zaidi ni waliokuwa wadogo, waliokosa vipindi vichache, na walioanza wakiwa wanaelewa maneno mengi zaidi. Lakini watafiti hawakuficha upande wa pili: faida haikuenea kwenye vitu ambavyo hawakufundishwa. Mtoto alijifunza alichosomeshwa. Asichosomeshwa hakikuja chenyewe.

Kwa hiyo watu ni wale wale na nchi ni ile ile. Kilichogeuka ni mafunzo na mpango wa kila siku. Nikisikia mzazi ananiambia skuli yake ni nzuri kwa kuwa "ina mwalimu wa elimu maalumu", huuliza mwalimu huyo jana alifanya nini na mtoto wako. Mara nyingi mzazi hajui, na pengine hata mwalimu anatafuta maneno.

Basi tuingie kwa mwanao.

Kabla ya kitabu na kalamu, masikio. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watoto wengi wakiitwa wazito ilhali hawasikii. Zaidi ya nusu ya watoto wenye Down wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na mara nyingi sababu ni ute unaojaa nyuma ya ngoma ya sikio, kwa kuwa njia za sikio lao ni nyembamba. Hausababishi uziwi kamili. Unafifisha sauti, leo zaidi kesho kidogo, na mtoto anayesikia sauti iliyofifia katika darasa la watoto 70 hasikii chochote cha maana. Nyumbani unaweza kuchungulia: zima redio, simama nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti ya chini. Hicho si kipimo, ni dokezo tu. Kipimo ni cha daktari wa masikio, na ikiwa hospitali ya karibu itakuandikia uende hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, basi safari hiyo ya boti ina maana kuliko ya kuhamia. Macho nayo yaangaliwe, wengi wao wanahitaji miwani. Na daktari akumbushwe kupima damu kwa ajili ya tezi ya thairoidi, maana ikilegea mtoto huwa mzito na mlegevu na watu husema ni Down yake tu. Kama hajawahi kupimwa moyo, apimwe pia. Haya yote si elimu, lakini bila haya elimu inamwagwa juu ya mchanga.

Wapo watakaokwambia mpeleke akasomewe. Mpeleke ukitaka. Kisomo na kombe havigombani na kipimo cha masikio.

Halafu kusoma. Watoto wenye Down kwa kawaida hushika zaidi kwa macho kuliko kwa masikio. Wakisikia sentensi ndefu inapotea njiani, wakiona kitu wanakikumbuka. Skuli zetu tunaanza na irabu, tunakuja ba be bi bo bu, darasa zima linaimba kwa pamoja. Mwanao ataimba vizuri kuliko wote na hatajua hata moja ni ipi. Kwake anza na maneno mazima ya vitu na watu anaowapenda. Kata karatasi ya manila kadi za ukubwa wa kiganja, andika kwa makapeni neno moja kila kadi, herufi ndogo si za kapitali, ila uziandike kwa ukubwa wa kuonekana: mama, baba, maji, nazi, na jina lake. Tengeneza kila kadi mbili. Hatua ya mwanzo ni kulinganisha tu: anaweka "maji" juu ya "maji", hata kama hajui inasomekaje. Akizoea, unamwekea kadi mbili mezani unamwambia "nipe mama". Mwisho kabisa ndio unamwonesha kadi unamwuliza "hii inasemaje?" Wazazi wengi, na walimu pia, huanzia hapo mwisho, mtoto anakosea, anacheka au anatupa kadi, wanasema hawezi. Msaidie kabla hajakosea. Mkono wake ukielekea kadi isiyo sawa, uongoze taratibu kwenye iliyo sawa. Watoto hawa wakizoea kukosea, kosa lenyewe ndilo wanalolishika. Akishakuwa na maneno kumi na tano au ishirini ya kichwa, ndipo unaanza kuyavunja: ma-ma, ma-ji. Silabi zitakuja, na Kiswahili kinamsaidia hapo kwa kuwa kinasomwa kama kinavyoandikwa. Hasomi Kiingereza cha kubahatisha.

Jina lake umelitaja khasa, na naelewa kwa nini linakuuma. Lisomeshe kwa kuanzia nyuma. Tuseme anaitwa Omar. Andika wewe O-m-a, uache nafasi, yeye aandike r peke yake, basi amemaliza jina lake, mpigie makofi. Ikishakaa hiyo, unaandika O-m, yeye anamalizia a na r. Hivyo hivyo mpaka karatasi inakuwa tupu. Akianza na O mwanzo, atachoka njiani na kila siku ataacha jina halijaisha. Akianza mwisho, kila siku yeye ndiye mwenye kumaliza. Njia hiyo hiyo inafundisha kufunga vifungo vya shati, kuvaa kanzu, na hata udhu: mfanyie vyote mwachie miguu peke yake, kisha kichwa na miguu, mpaka siku moja unamwachia kata na maji.

Dakika ngapi? Nyumbani dakika 15 zinatosha, wakati hajachoka, kabla ya kwenda chuo cha Kurani na si baada ya. Skuli naomba 20. Sasa usiniambie mwalimu wa watoto 70 atazipata wapi, najua. Ndiyo maana nataka uende kuzungumza naye ukiwa na jambo moja dogo mkononi, usiende na malalamiko. Mwambie: mwanangu sasa ana kadi hizi nane, naomba kila siku wakati wenzake wanaandika zoezi, mtu mmoja akae naye na kadi hizi. Mtu huyo anaweza kuwa mwalimu wa mkondo mwingine aliye huru, au mwalimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu. Anaweza kuwa hata mwanafunzi wa darasa la sita mwenye subira, maadamu mwalimu amemwonesha namna na anamwangalia. Na kazi ile ya kugawa madaftari, mpendekezee.

Muulize pia kama yumo mwalimu skulini aliyepata mafunzo ya elimu mjumuisho. Zanzibar tulianza mjumuisho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wizara ina kitengo chake cha kazi hiyo, kwa hiyo si jambo geni. Kama hayumo, uliza Kituo cha Walimu kilicho karibu, na ofisi ya elimu ya wilaya. Omba mpango wa mtoto wako peke yake, ulioandikwa. Usiogope kuomba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inazungumzia msaada unaomlenga mtoto mmoja mmoja. Zanzibar yenyewe ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, kisha ikaja ya 2022. Mimi lakini sikushauri uingie ofisini kwa mwalimu mkuu na sheria kwapani. Iweke kwenye mkoba. Mwalimu akishaona mtoto amejua maneno matano, atakuwa upande wako bila ya ibara.

Mpango huo usiwe hadithi. Nimechoka kusoma ripoti zinazosema "mtoto ana maendeleo ya kuridhisha". Nani kapima? Chukua daftari moja, kila Alhamisi mwoneshe kadi zote anazosomeshwa, bila ya kumsaidia, uandike tarehe na idadi aliyoipata. Wiki hii mbili, wiki ijayo mbili, inayofuata nne. Baada ya wiki nane una safu ya tarakimu ambayo baba yake anaweza kuisoma akiwa amekaa barazani. Idadi ikikaa pale pale wiki tatu mfululizo, mtoto hana kosa. Badilisha kitu: punguza kadi, badilisha wakati, angalia tena masikio.

Mumeo ataka kujua atafika wapi. Watoto wenye Down wanatofautiana sana. Wengi wanajifunza kusoma kwa kiwango fulani, baadhi wanasoma vitabu, wengine wanaishia kwenye majina, vibao na ujumbe wa simu. Hesabu huwa ngumu zaidi kwao kuliko kusoma. Kuongea huwa nyuma ya kuelewa, kwa hiyo anajua zaidi ya anavyosema, na mtu asimzungumze mbele yake kama hayupo. Sitakuahidi kwamba atafaulu mtihani wa darasa la sita. Ila "atabaki alivyo" si kweli. Huyo mzee hata yeye hakubaki alivyokuwa na miaka tisa. Na kuanzia miaka kumi na nne hivi muanze kufikiria kazi ya mikono. Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji hakiko mbali na nyinyi, mwende mkaulize mapema wanapokea vipi vijana kama yeye na wanataka awe anajua nini. Mtakalojibiwa, mlianze nyumbani miaka miwili kabla.

Wapo lakini watoto ambao ningeshauri kinyume. Mwanao angekuwa kiziwi, barua yangu ingekuwa nyingine. Mtoto kiziwi aliyekaa peke yake kati ya watoto 70 wanaosikia, na hakuna hata mmoja anayejua lugha ya alama, hajajumuishwa. Amefungiwa akiwa katikati ya watu. Yeye anahitaji lugha kwanza, na lugha ya alama haishikwi kwenye karatasi, inashikwa kwa watoto wenziwe na watu wazima wanaoitumia siku nzima. Kila mwaka unaopita bila ya lugha haurudi. Kwa mtoto huyo ningesema nendeni kilipo kitengo cha viziwi, hata kama ni kuhama nyumba, na familia nzima ijifunze alama. Mkataba ule niliokutajia nao unataja kuwarahisishia viziwi kujifunza lugha ya alama. Asiyeona naye anahitaji mtu anayejua nukta nundu kila siku katika miaka ya mwanzo, kisha anaweza kurudi skuli ya mtaani na kusoma na wenzake akiwa na vifaa vyake. Baraza la Mitihani la Tanzania linawaongezea hata muda kwenye mitihani, dakika 20 kwa kila saa kwa Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Mwanao hana haja ya lugha nyingine wala maandishi mengine. Ana haja ya Kiswahili hicho hicho, polepole, kwa macho, kila siku. Na anahitaji watoto wa mtaani wake wamjue, kwa sababu hao ndio atakaoishi nao akiwa na miaka thelathini.

Wifi yako amefanya ihsani kujitolea, usimvunje moyo. Mpe kazi: aende kwenye kitengo anachokisema, aombe kukaa asubuhi moja, akuletee majibu. Watoto wangapi, na walimu wangapi. Kila mtoto ana mpango wake ulioandikwa au wote wanafanya zoezi moja. Mwalimu amesomea wapi. Aliyetoka chuo cha Patandi kule Arusha, kwa mfano, amesomea kazi hiyo khasa. Wanapima vipi. Mtoto aliyeingia miaka mitatu iliyopita sasa anajua nini. Wakimwonesha madaftari yenye tarehe, ni mahali pa kuheshimu, na mwalimu wao tunaweza kumpigia simu akatupa mawazo ya kutumia huko Wete. Wakimwonesha picha za ndizi, atakuwa ameona mwenyewe.

Anza na masikio wiki hii, kadi wiki ijayo, mwalimu baada ya hapo ili uende na kitu cha kumwonesha. Jipe mpaka mwisho wa muhula ujao. Kama masikio yameshatibiwa, dakika zimefanyika kweli kweli nyumbani na skuli, na tarakimu za Alhamisi bado hazisogei, niandikie tena unitumie picha ya daftari, tutazame nini kimekwama. Na kama skuli imekataa kabisa kumpa hata hizo dakika 20, hapo nitakuunga mkono kutafuta skuli nyingine, ila tutaanza na za hapo Wete, halafu Chake Chake ambako unaweza kwenda na kurudi naye, na Unguja iwe ya mwisho.